Ganda Lisilo na Baruti

Alimohamed alikuwa na bastola mbili, na mkewe Shamina alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia polisi.

Maana leseni ya bastola huko Kanada hudumu miaka mitano, na ukifika wakati wa kuihuisha, mtu unayeishi naye anaweza kuulizwa kama ana hofu yoyote. Mara ya kwanza, mwaka 2007, Shamina aliulizwa akiwa anakaanga bajia. Alisema hana hofu, kwa kuwa hakutaka ziungue. Safari hii alikuwa amejiandaa. Vuli ya mwaka 2012 ilipoingia alimwambia mumewe mezani, huku akimpakulia wali:

"Baba Rashida, wakinipigia simu nitawaambia naogopa."

Alimohamed alitafuna, akameza. "Unaniogopa mimi?"

"Naogopa. Na swali lao ndilo hilo."

Halafu akamwongezea wali ambao hakuuomba. Katika nyumba hiyo ya Thornhill, kando ya Toronto, hakuna aliyewahi kupaza sauti. Ukiudhika unamwongezea mwenzako chakula, naye akiudhika anakula chote. Usiku huo Alimohamed alikula sana. Moyoni alikuwa ameumia, kwa sababu bila ile simu kwenda vizuri bastola zingeondoka, na bila bastola hakujua mikono yake ingerudi kuwa mikono ya namna gani.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mwembamba, Mhindi wa jamii ya Khoja kutoka Arusha, alikokuwa na duka la misumari na saruji. Toronto aliajiriwa kuuza makufuli. Mchana kutwa aliwaeleza watu jinsi ya kumzuia mwizi mlangoni, na jioni alirudi nyumbani kujizoeza atakavyomkabili yule aliyeshapita mlangoni.

Mchezo wake wenyewe unaitwa wa kujihami. Watu wazima huenda uwanja wa shabaha wakajenga nyumba ya uongo kwa mbao, wakaweka mlango, meza na kochi bovu, kisha wakasimamisha wezi wa karatasi na raia wema wa karatasi waliochorwa viganja mbele ili usiwaue. Mshindani anasomewa mkasa: uko dukani, uko sebuleni, umelala. Kifaa cha kuhesabu muda kinalia, anachomoa bastola iliyofichwa chini ya nguo, anajibanza nyuma ya ukuta, anafyatua. Wenzake walificha bastola zao chini ya vizibao vya kuvulia samaki. Alimohamed alivaa koti la suti ya Kaunda alilokatiwa na fundi wa Arusha, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Shindano lake la kwanza lilianza nje ya mlango wa mbao. Kifaa kikalia, Alimohamed akafika mlangoni, akavua viatu, akaviweka sawa ukutani, ndipo akaingia kuwaua wezi. Alitoka wa mwisho. Tangu siku hiyo jamaa wa klabu walikuwa wakimwekea kizulia cha miguu kila penye mlango, naye aliwashukuru bila kucheka.

Kwamba nchi yenyewe haimruhusu mtu kama yeye kutembea na bastola kiunoni, jambo hilo halikuzungumzwa sana. Za kwake zilikaa kwenye kabati la chuma, kufuli juu ya kufuli, na risasi mahali pengine. Mwizi halisi angekuja Thornhill, ingebidi akaribishwe kwanza, apewe chai, angoje.

Na hiyo chai ndiyo iliyokuwa chanzo cha yote. Huko Arusha, jioni moja, walikuja vijana watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi. Walibisha hodi vizuri, wakatoa salamu, wakasema wanamtaka mzee. Shamina akawaketisha sebuleni akaweka maji jikoni, kwa sababu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kitu. Alimohamed ndiye aliyebeba sinia. Alipoingia akamkuta mmoja wao ameweka bastola juu ya goti, kwa adabu tu, kama mtu anavyoweka kofia.

Akasimama. Akabaki amesimama na sinia lake mpaka walipomaliza kuchukua redio, dhahabu za Shamina, na hata feni. Hawakumgusa mtu. Mmoja alikunywa chai yake, akasema ahsante. Muda wote huo vikombe vilikuwa vikigongana juu ya sinia, kwa sababu mikono ya Alimohamed ilikuwa ikitetemeka na hakupata akili ya kuliweka chini. Hakuwachukia sana wale vijana. Alivichukia vile vikombe. Hata baada ya kuhamia Kanada alikuwa akivisikia, na akiwa dukani mkono ukitetemeka kidogo tu juu ya kufuli, alijifanya anapiga chafya.

Bastola iliituliza ile mikono. Hakuna daktari aliyeweza, na Alimohamed hakutaka kujua sababu.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Kiprop, kijana wa Eldoret anayefanya mambo ya kompyuta huko North York, ambaye Jumapili alikuwa refa wa mashindano. Kiprop aliamini kitu kimoja: mazoezi yafanane na mambo yenyewe.

"Mzee, ukianza ku-think umeshachelewa," alikuwa akimwambia. "Wacha mikono ifanye yenyewe. Bastola ikigoma, piga kitako, koki, endelea. Usiulize imegomea nini."

Alimohamed alilichukua somo hilo nyumbani. Akasimama gerejini na risasi za plastiki, jioni baada ya jioni: piga kitako, koki, endelea. Mikono ikajifunza hadi ikapitiliza. Rimoti ya televisheni ikigoma, aliipiga kitako, akaivuta mgongo, akailenga tena kwenye taarifa ya habari. Shamina aliyatazama yote hayo.

Lakini alichokipenda hasa kilikuwa besimenti. Huko chini, kati ya gunia la mchele na friji kubwa ya nyama, alikuwa na mashine ya kujazia risasi upya. Baada ya shindano aliokota maganda ya shaba, akayaosha, akayarudisha kwenye umbo lake, akayapachika praima mpya, ile punje ya kuwasha moto inayokaa kwenye kitako. Kisha akayasimamisha kwenye ubao wenye matundu, akatia kila ganda baruti iliyopimwa kwenye mizani ndogo, na kabla ya kubana kichwa cha risasi juu yake alimulika kila tundu kwa tochi aone kama baruti imo na kama kimo kimelingana. Baruti yenyewe ni kidogo, haifiki hata chumvi ya yai moja. Shamina alikuwa akisikia juu ule mlio wa mashine, ka-chak, ka-chak, akajua mume yuko na nafsi yake imetulia.

Kanuni ya kazi hiyo ilikuwa moja, na Kiprop aliirudia kama sala: ukikatizwa, mwaga zote uanze upya.

Sasa, Kiprop alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kupanga. Hakuwa na mgeni kama Rahemtulla.

Rahemtulla alikuwa rafiki wa Alimohamed tangu shule, mstaafu asiye na pa kwenda. Hakupiga simu kabla ya kuja, kwani mtu wa nyumbani hapigi simu. Ijumaa moja, siku mbili kabla ya shindano kubwa la vuli, alibonyeza kengele wakati Alimohamed amefika katikati ya ubao, nusu ya maganda yana baruti, nusu hayana.

"Baba Rashida!" Shamina aliita kutoka juu ya ngazi. "Mgeni!"

"Namalizia!"

"Mgeni hangoji, Baba Rashida. Panda."

Akapanda. Wakanywa chai, wakazungumza habari za magoti. Lakini chai ilipokwisha Rahemtulla hakuondoka. Alitaka kwenda kuona hicho kiwanda cha risasi. Mgeni hakataliwi, wakashuka. Na hapo ndipo Alimohamed alipofanya kosa ambalo Kiprop asingelifanya hata kwa kulipwa. Kumwaga zote ingekuwa sawa na kumwambia mgeni: umeniharibia kazi. Kuinama na tochi juu ya matundu ingekuwa kumpa mgeni mgongo. Kwa hiyo akaketi uso kwa uso na Rahemtulla, akaendelea kujaza kwa kukisia alipoishia, akawa anabana vichwa vya risasi huku akiitikia, ehee, ehee.

"Na ukisahau baruti?" Rahemtulla aliuliza.

"Hailipuki. Praima peke yake inasukuma kichwa kidogo tu, kinakwama ndani ya mtutu. Utasikia kama mtu kafungua chupa ya soda. Hatari ni ukipiga ya pili nyuma yake. Hapo mtutu unapasuka mkononi mwako."

"Na vidole?"

"Inategemea."

Shamina alikuwa amesimama katikati ya ngazi na sahani ya katlesi. Alisikia yote. Aliteremka, akaiweka sahani, akapanda.

Jumamosi alimwambia mumewe: "Kesho nakuja huko kwenu. Siwezi kumwambia polisi neno juu ya kitu nisichokiona. Isije kuwa nimekusingizia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Shamina. Alikusudia kumnyang'anya mumewe bastola, lakini kwa haki.

Kuna jambo lingine la kujua juu yake. Kwa miaka thelathini na kitu ya ndoa alikuwa hajamtaja mumewe kwa jina. Mama yake hakumtaja wa kwake, wala bibi yake. Kabla Rashida hajazaliwa alimwita "sikia". Baada ya hapo, Baba Rashida. Walipotua Toronto afisa wa uhamiaji alimuuliza jina la mume, Shamina akageuka akamtazama mume, mume akalitaja mwenyewe, na afisa akawaweka kando muda mrefu akidhani hawajuani. Hospitalini, benki, kila mahali, alitoa kitambulisho cha mumewe akakionyesha kwa kidole. Binti yao Rashida, aliyekulia huko na kujibu kila kitu kwa Kiingereza, alimwambia mara nyingi, "Mom, just say it." Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba hana adabu.

Jumapili ilikuwa ya baridi na jua. Uwanja uko kaskazini mwa jiji, mashambani. Shamina alifika na chupa mbili za chai, katlesi za kulisha klabu nzima, na blanketi. Kiprop akampa vifunika masikio na kiti.

"Karibu Mama. Leo Mzee tumemtengenezea kitu realistic kabisa. Ni story yake mwenyewe, alinihadithia."

Shamina akatazama. Ndani ya nyumba ya mbao kulikuwa na kochi, meza, wezi watatu wa karatasi wamekaa, na pembeni raia mwema mmoja aliyefungwa mtandio kichwani. Mshindani alitakiwa kuingia na sinia lenye vikombe vya plastiki, na kifaa kikilia aliachie sinia achomoe bastola. Akaelewa mara moja ni sebule ya nani. Alirekebisha blanketi magotini.

Asubuhi nzima washindani walipita, na kila risasi ilipolia Shamina alishtuka. Vifunika masikio havikumsaidia. Vilipunguza kelele, havikupunguza mshtuko. Aliruka kwenye kiti chake risasi baada ya risasi, chai ikamwagika kwenye blanketi, na azma yake kuhusu ile simu ikazidi kuwa ngumu.

Zamu ya Alimohamed ikafika. Akavua viatu kwenye kizulia, maana hilo sasa lilikuwa desturi ya klabu, na muda haukuhesabiwa. Akabeba sinia. Kiprop akasimama nyuma ya bega lake na kifaa mkononi, macho kwenye miguu ya Mzee, kwa sababu mguu ukitokeza nje ya kinga refa anatakiwa aone.

Kifaa kikalia.

Alimohamed hakuliachia sinia. Mkewe alikuwa akitazama. Aliliweka mezani taratibu, vikombe vyote vimesimama, kisha akachomoa bastola. Mwizi wa kwanza, risasi mbili. Akajibanza nyuma ya kabati. Mwizi wa pili, risasi mbili. Mkono ulikuwa umetulia kama meza. Kila mlio Shamina aliruka.

Akamlenga wa tatu, akafyatua.

Paf.

Shamina hakuruka.

Ilimchukua kitambo kidogo sana kujiuliza mbona hakuruka. Uwanja wa jirani nao ulikuwa ukifyatua, na Kiprop alikuwa bado akitazama miguu. Lakini mikono ya Alimohamed haikuuliza chochote, kwa kuwa ilikuwa imefundishwa isiulize. Bastola imegoma: ikapiga kitako. Ikakoki. Ganda tupu likaruka pembeni, risasi mpya ikaingia, na kidole kikaanza kurudi kwenye kifyatulio.

"Acha!" Kiprop alikuwa ameinua kichwa. "Stop! Stop!"

Mikono ikaendelea. Stop ni neno ambalo Alimohamed alikuwa amelisikia na kulisoma barabarani kila siku kwa miaka kumi na miwili. Lilikuwa halimshtui tena.

"Alimohamed!"

Akaganda. Kidole kikasimama. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amesikia jina lake likitoka katika sauti ile, na kitu pekee alichoweza kuwaza ni kwamba kuna mtu amekufa. Akageuza kichwa, kichwa peke yake, bastola ikabaki imeelekea mbele. Shamina alikuwa amesimama, blanketi chini, vifunika masikio shingoni, mkono mdomoni kama mtu aliyetukana.

Kiprop akamshika mkono Mzee, akaichukua bastola, akatoa magazini na ile risasi mpya. Akachukua kijiti cha mbao akakitia kwenye mtutu. Kilizama kidogo kikagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekaa humo ndani, kimeziba kabisa.

"Mzee," Kiprop alisema. Alitazama mkono wa Alimohamed, kisha akamgeukia Shamina. "Mama, umejuaje? Mimi mwenyewe sikusikia."

"Zote zimenishtua," Shamina alisema. "Hiyo haikunishtua."

Akajaribu kumimina chai, akashindwa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba kifuniko cha chupa kilianguka kwenye majani. Alimohamed akakiokota akammiminia yeye, na hapakumwagika hata tone. Aliona aibu kubwa, si kwa klabu, bali kwa mkewe.

Wakarudi kwa gari, wakaingia barabara ya Bathurst.

"Ilikuwa ya Ijumaa," Alimohamed akasema. "Sikumulika. Rahemtulla alikuwepo."

"Mimi ndiye niliyekuita."

"Mgeni ni mgeni."

"Mimi ndiye niliyekuita, Baba Rashida," Shamina alirudia, na akaanza kulia, na akalia hadi mlangoni kwao.

Alimohamed aliona kwamba amerudishwa kuwa Baba Rashida. Ilimuuma kidogo, naye akajishangaa, mzee mzima. Usiku ule alizivunja risasi zote zilizobaki za Ijumaa, moja moja, akamwaga baruti. Akamwambia mkewe kwamba polisi wakipiga, awaambie lolote analoliona sawa. Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Shamina akampakulia wali, kijiko cha kawaida.

Siku chache baadaye, asubuhi, Alimohamed yuko besimenti na ubao wake katikati, kengele ikalia. Akaweka mizani chini, akangoja kuitwa.

Hakuitwa.

"Karibu, ingia," alimsikia Shamina. "Yuko chini anajaza. Akimaliza atapanda."

"Si umwite tu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Rahemtulla.

"Hapana. Hatumwiti."

Rahemtulla alikuwa hajawahi kungojeshwa katika nyumba ya Khoja, si Arusha, si hapa. Kochi lililia alipoketi. Alimohamed akachukua tochi, akainama juu ya matundu, akamulika moja baada ya jingine, polepole, hata yale ambayo alikuwa ameshayamulika.

Alikuwa anamalizia ubao wake, simu ikalia juu. Alizima tochi akapanda ngazi nusu, akakaa hapo hapo.

Sauti ya Shamina kwa Kiingereza ilikuwa ya heshima na ya juu kidogo, kama anayeongea na kiziwi. Ndiyo, ni yeye. Ndiyo, anaishi hapo. Halafu akasikiliza.

"My husband's name?"

Kwenye simu hakuna pa kuonyeshea kitambulisho.

"Alimohamed," Shamina akasema. "Alimohamed is my husband."

Alimohamed akashika ukuta.

Likafuata swali lenyewe. Alilijua kwa urefu wa ule ukimya.

"Of him? No," Shamina alisema. "Him I am not afraid. I am afraid for his hand." Akasikiliza. "No, sir, you don't have to do anything. The hand, I am watching it myself."

Akaweka simu. Alimohamed akasubiri kidogo, akapanda kwa kukanyaga kwa nguvu, kama anayetoka chini kabisa. Alimkuta jikoni anapanga vikombe kwenye sinia.

"Nani alikuwa akipiga?"

"Polisi. Wameuliza jina lako."

"Ukawaambiaje?"

"Si ulikuwa kwenye ngazi?"

"Sikusikia vizuri."

Shamina akamtazama, akautazama mlango wa sebuleni alikokuwa Rahemtulla na hasira zake, kisha akashusha sauti.

"Alimohamed," akasema. "Chukua sinia, chai inapoa."

Akalichukua. Vikombe viligongana njia nzima mpaka sebuleni, naye akaviacha vigongane.